Sadaka Katika Nchi ya Pamba: Uwakili Mwaminifu wa Fedha za Kanisa Lalago na Simiyu



Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo kamati nyingi hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni fedha. Tumechagua kulieleza tukiwa tumesimama mahali pamoja, Lalago, katika Wilaya ya Maswa, kwa sababu mafundisho mengi ya uwakili yanayotufikia yameandikwa na watu wanaolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Muumini wa Lalago halipwi hivyo. Yeye hupanda pamba mvua za Novemba na Desemba zinapokuja, hupalilia, hupiga dawa, huvuna, kisha husubiri msimu wa ununuzi ufunguliwe mwezi wa Mei. Kuanzia hapo hadi Agosti au Septemba fedha huonekana mkononi. Baada ya hapo huuzwa kuku, mbuzi, debe la mtama au dengu kidogo, na mwaka mbaya hata ng'ombe wa mwisho. Kanisa linaloishi kwa sadaka za watu wa namna hii nalo lina msimu wake, na mhazini asiyeujua msimu huo atapata taabu hata akiwa mwaminifu kama Danieli.

Lalago ni njia panda. Barabara inayotoka Shinyanga kupitia Kolandoto hufika hapo na kuendelea Mwanhuzi wilayani Meatu, na nyingine huelekea Maswa mjini na Bariadi. Eneo lote hili lilikuwa Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa. Injili ni ya zamani kidogo katika nchi hii ya Wasukuma. Wamisionari wa CMS walikuwa Nassa, kando ya ziwa, tangu 1888. Kituo hicho kikachukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909, na hospitali ya Kolandoto ikaanza 1913. Kwa miaka mingi fedha za kuendesha vituo vile zilitoka ng'ambo, na hesabu zake zilifanywa na watu wa ng'ambo. Mzee wa kanisa aliona jengo likisimama lakini hakuona daftari. Hilo limetuachia kasoro mbili. Ya kwanza, waumini wengi walizoea kudhani kanisa lina mfuko mahali fulani. Ya pili, hata viongozi wetu wenyewe waliporithi madaraka, hawakurithi desturi ya kusoma hesabu mbele ya watu, kwa kuwa hawakuwahi kuiona ikifanyika.

WAKILI SI MWENYE MALI

Neno ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia ni wakili. Siku hizi tukisikia wakili tunafikiri mtu wa mahakamani, lakini maana ya zamani ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine ili aitunze na kuitumia kama mwenyewe angependa. Katika Luka 16 wakili anaitwa na tajiri wake atoe hesabu ya kazi yake. Hakuitwa kwa sababu hesabu zilikuwa zimekaguliwa na kuonekana mbaya. Aliitwa kwa sababu maneno yalikuwa yamefika. Kila mhazini analijua jambo hilo. Minong'ono hutangulia ukaguzi.

Paulo naye, katika 1 Wakorintho 4:2, anataja sifa moja tu inayodaiwa kwa wakili, nayo ni kuaminika. Hasemi lazima awe msomi, wala tajiri, wala mwenye cheti cha uhasibu. Tena Paulo huyo huyo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu kutoka makanisa ya Makedonia, Akaya na Galatia, hakusema waumini wamwamini tu kwa kuwa yeye ni mtume. Katika 1 Wakorintho 16 anataka wale watakaoichukua fedha wachaguliwe na watoaji wenyewe. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba Tito anaandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu anaitoa waziwazi: asije mtu akawalaumu kuhusu kiasi kikubwa kile cha fedha, kwa maana wanataka jambo liwe sawa mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia.

Hapo kwenye kusema wanadamu pia ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mara nyingi kiongozi akiulizwa matumizi hujibu kwamba Mungu anaona. Ni kweli anaona. Lakini Paulo, aliyemjua Mungu kuliko sisi, aliona kwamba jibu hilo halitoshi.

SANDUKU LENYE TUNDU

Habari ninayopenda kuisoma na kamati mpya ni ile ya mfalme Yoashi katika 2 Wafalme 12. Hekalu lilikuwa limebomoka. Mfalme aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza mabomoko. Ukafika mwaka wa ishirini na tatu wa ufalme wake na mabomoko yalikuwa pale pale. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Hayasemi pia kwamba hawakuiba. Yanasema tu kwamba kazi haikufanyika, na mfalme, badala ya kuanza kutafuta mchawi, alibadilisha utaratibu. Sanduku liliwekwa karibu na madhabahu, likatobolewa tundu kwenye kifuniko, walinzi wa mlango wakawa wanaweka ndani yake fedha zote zilizoletwa. Walipoona zimekuwa nyingi, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja na kuzitia mifukoni. Kisha zikapelekwa kwa wasimamizi wa kazi, na hao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua miti na mawe ya kuchonga.

Tazama mambo yaliyomo. Anayepokea si yule anayehesabu. Wanaohesabu ni wawili, tena wanatoka ofisi mbili tofauti. Anayehesabu si yule anayelipa mafundi. Haya ndiyo mambo ambayo wakaguzi wa leo hutufundisha kwenye semina kwa siku tatu na posho juu.

Kuna mstari mmoja katika sura hiyo ambao baadhi ya watu huutumia kukataa ukaguzi, nao ni wa 15, unaosema kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mtu akiutoa mstari huo peke yake anaweza kusema kumwomba mhazini stakabadhi ni kumvunjia heshima. Lakini usome pamoja na mstari wa 10. Fedha ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili kabla ya kufika mikononi mwa wasimamizi, na kazi yao ilionekana kwa macho ukutani. Uaminifu wao ulikuwa umejulikana. Haukudhaniwa tu. Tena mahali pengine Maandiko yanaonyesha hesabu ikitolewa hata pasipo shaka yoyote: katika Kutoka 38 Musa aliagiza iandikwe idadi ya dhahabu, fedha na shaba iliyotumika katika maskani, na katika Ezra 8 makuhani kumi na wawili walipimiwa fedha na dhahabu kabla ya safari, na walipofika Yerusalemu vikapimwa tena, uzito wote ukaandikwa. Hakuna aliyeona kwamba Ezra amewatukana.

MKULIMA WA PAMBA ANAIJUA MIZANI

Habari ya Ezra haihitaji kufafanuliwa sana kwa mtu wa Lalago, maana nchi hii ina historia yake ya mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya vituo vya kununulia pamba inawapunja. Walianza kuweka watu wao wenyewe wa kupima, kisha wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa nchi yetu. Kwa maneno mengine, ushirika mkubwa kuliko wote wa nchi ulizaliwa na swali dogo la mkulima: kilo zangu ni ngapi kweli?

Kilichofuata kinasikitisha, na ni vema kamati za kanisa zikijue. Ushirika ulikua upesi kuliko uwezo wake wa kuandika hesabu. Makarani walikuwa wachache, viongozi wengi, na wanachama wa kawaida hawakuelewa makato yaliyokuwa yakifanywa kwenye fedha zao. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchini na matatizo ya uongozi na fedha yakawekwa wazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwa mojawapo, na si haki kuwabebesha makarani mzigo wote. Hata hivyo mzee yeyote wa Maswa aliyeishi nyakati zile atakuambia kwamba watu waliacha kuupenda ushirika siku walipoacha kuielewa stakabadhi yake.

Kanisa nalo ni mahali ambapo watu wanyonge huleta kilichopimwa. Muumini anayetoa elfu mbili kutoka kwenye malipo ya pamba, baada ya kukatwa deni la mbegu na viuatilifu, ametoa kitu ambacho kimepita kwenye mizani, kwenye daftari la chama cha msingi na kwenye makato. Amezoea kuuliza. Asipouliza kanisani, si kwamba ameridhika. Huenda anaogopa kuonekana hana imani, au ameamua kimyakimya kwamba mwakani atatoa elfu moja.

HESABU YA MWAKA WENYE MSIMU MMOJA

Tuchukue mfano wa usharika ambao haupo, lakini hesabu zake zinafanana na za wengi. Kwa mwaka unapata Sh. 6,000,000. Katika miezi minne ya msimu, Juni hadi Septemba, unapata Sh. 4,200,000, na miezi minane iliyobaki unapata Sh. 1,800,000 tu, yaani wastani wa Sh. 225,000 kwa mwezi. Matumizi ya lazima, yaani posho ya mwinjilisti, mlinzi, mchango wa jimbo au dayosisi, mafuta ya pikipiki na vitu vya ibada, ni Sh. 420,000 kila mwezi.

Mwezi wa Septemba ukifika, kamati inakaa na kuona kwamba baada ya kulipa matumizi ya miezi minne, Sh. 1,680,000, benki kuna Sh. 2,520,000. Wote wanafurahi. Mmoja anasema tununue bati. Mwingine anasema kwaya imekaa muda mrefu bila kinanda. Mchungaji anakumbusha kwamba mwaka jana Mungu hakutuacha. Uamuzi unapitishwa kwa makofi.

Sasa tufanye hesabu polepole. Kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Mei usharika utapungukiwa Sh. 195,000. Mara nane ni Sh. 1,560,000. Ukiitoa hiyo kwenye Sh. 2,520,000, kilichobaki cha kupangia bati au kinanda ni Sh. 960,000. Ile nyingine si ziada hata kidogo. Ni posho ya mwinjilisti ya mwezi wa Februari ambayo imefika mapema.

Usharika uliotumia zote utafika Desemba ukiwa unadaiwa. Januari mwinjilisti ataambiwa avumilie, na Machi ataonekana shambani siku ambayo alipaswa kutembelea wagonjwa. Nehemia aliporudi Yerusalemu aliyakuta mambo hayo hayo (Nehemia 13:10): Walawi hawakuwa wamepewa sehemu zao, basi kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Nehemia hakuwahubiria Walawi juu ya uvumilivu. Aliwagombeza wakubwa, akarudisha zaka, kisha akaweka watunza hazina wa ghala: kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja, na msaidizi wao. Aliwachagua kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu, na hakuwachukua wote kutoka kundi moja.

Na bado hatujataja mwaka mbaya. Wakulima wanaukumbuka msimu wa 2019. Bei elekezi ilitangazwa kuwa Sh. 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na watu wengi waliokwisha kupeleka pamba yao kwenye AMCOS wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo. Sadaka haikuja kwa sababu fedha haikuja. Yusufu katika Mwanzo 41 alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika miaka ya shibe. Katika mfano wetu sehemu ya tano ya Sh. 6,000,000 ni Sh. 1,200,000, ambayo inazidi ile Sh. 960,000 iliyobaki. Maana yake ni kwamba usharika ule hauwezi kuweka akiba ya Yusufu hata ukiacha ujenzi wote. Basi uanze na unachoweza, kwa mfano nusu ya kilichobaki, Sh. 480,000, na ujenzi uende kwa nusu nyingine. Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa maana ya kihenge. Ajabu ni kwamba mtu ambaye hawezi kuuza mtama wake wote mwezi wa Julai nyumbani, akiingia kwenye kikao cha kamati anapiga kura ya kumaliza akiba yote ya kanisa.

Luka 14:28 linazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara akakaa kwanza kuhesabu gharama. Tunalihubiri sana kuhusu gharama ya kumfuata Yesu, na ndiyo maana yake. Lakini Bwana alichagua mfano ambao wasikilizaji wangeucheka, na katika Kanda ya Ziwa hakuna haja ya kwenda mbali kuona kuta za kanisa zilizofika kwenye lenta na kuota nyasi juu.

FEDHA ILIYOTOLEWA KWA JAMBO MOJA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na tunaomba wanakamati wasome bila haraka. Fedha nyingi zinazopotea kanisani hazipotei kwa wizi. Zinapotea kwa kuazimwa.

Tuseme marafiki wametuma Sh. 8,000,000 za kisima kirefu katika kijiji ambacho akina mama huchimba mchanga wa mto mkavu kupata ndoo moja. Fundi wa kuchimba hajafika kwa sababu barabara imeharibika. Fedha ipo benki. Paa la kanisa limeezuliwa na upepo, na Jumapili ya Pasaka imekaribia. Kamati inaamua kuazima Sh. 1,500,000 kwa ajili ya bati na kuzirudisha msimu wa pamba. Hakuna mwizi hapo. Kila aliyenyoosha mkono alikuwa na nia njema. Kisha msimu unakuwa kama ule wa 2019. Fundi anafika, anachimba, anapata maji, na fedha ya pampu haipo. Shimo linafunikwa na bamba la chuma. Akina mama wanaendelea kwenda mtoni, sasa wakipita kando ya kisima, na mfadhili anapokea barua yenye maneno mengi.

Katika habari ya Yoashi kuna mstari wa 13 ambao husomwa mara chache. Unasema kwamba katika fedha ile ya matengenezo havikutengenezwa vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta, wala chombo chochote cha dhahabu au cha fedha. Hivyo vyote vilikuwa vyombo halali vya ibada. Hakuna aliyesema tarumbeta ni dhambi. Lakini fedha ilikuwa imeletwa kwa ajili ya mabomoko. Kwa ndugu zetu Wakatoliki jambo hili limeandikwa katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983: kanuni ya 1267 inasema matoleo yaliyotolewa kwa kusudi fulani yatumike kwa kusudi hilo tu, kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya masuala ya fedha, na ile ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyomtolea Mungu. Madhehebu mengine yana katiba na miongozo yao yenye maneno ya namna hiyo. Mara nyingi kitabu kipo, kimefungiwa kabatini kwa mchungaji.

Kinga yake ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Kama usharika hauwezi kufungua akaunti ya pili benki, basi daftari la fedha liwe na safu yake kwa kila fedha yenye kusudi, na mwisho wa mwezi jumla za safu zote zilingane na salio la benki pamoja na fedha taslimu. Kamati ikiona Sh. 9,300,000 benki, mhazini aweze kusema pale pale: milioni nane ni za kisima, laki tano ni za yatima, na zetu ni laki nane. Mtu aliyezoea kusikia mgawanyo huo kila mwezi hawezi kudanganywa na salio kubwa. Na kama dharura imetokea kweli, mwandikieni mtoaji kabla ya kutumia. Wafadhili wengi hukubali wakiombwa mapema, na karibu wote huumia wakiambiwa baadaye.

MJANE, ZAKA NA MIMBARI

Hatuwezi kuzungumzia uwakili tukawaelemea wahazini peke yao. Habari ya mjane na sarafu zake mbili (Marko 12:41-44) husomwa karibu kila harambee ya ujenzi. Mistari inayotangulia huwa haisomwi. Hapo Yesu anawaonya watu kuhusu waandishi wanaopenda viti vya mbele na wanaokula nyumba za wajane. Kisha mjane anaingia na kutoa riziki yake yote. Yesu anamsifu mjane, ndiyo. Lakini mhubiri anayemtumia mjane huyo kuwabana bibi wa Lalago wasio na chakula cha kesho ajiulize yeye anaonekana katika mstari wa 42 au wa 40.

Malaki 3:10 nalo lina hali hiyo. Linataka zaka kamili iletwe ghalani ili kiwemo chakula, na sharti la chakula limo ndani ya agizo lenyewe. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 linaeleza wanaokula: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Usharika ambao bajeti yake haina hata shilingi moja ya yatima na mjane unadai zaka kwa andiko ambalo wenyewe haulitimizi. Tungependa kila kamati ianze na fungu dogo, hata asilimia tano, lililoandikwa katika bajeti, lisisubiri huruma ya Jumapili.

MAMBO MADOGO YA KILA JUMAPILI

Sadaka ihesabiwe siku ile ile, kanisani, na watu watatu wasio wa nyumba moja, na wote waweke saini kabla ya kutoka. Isitumike kabla ya kuandikwa mapato. Nauli ya mgeni ikitolewa moja kwa moja kwenye kikapu, daftari litaonyesha sadaka ndogo na mgeni aliyekuja kwa miguu. Mazao nayo yaandikwe. Katika sharika nyingi, kuku, mayai, maboga na debe la mahindi hunadiwa nje baada ya ibada, na hilo ni jambo zuri kwa kuwa asiye na fedha naye anatoa. Lakini mtu akishinda mnada kwa Sh. 15,000 na kuahidi kulipa wiki ijayo, deni hilo liandikwe jina na tarehe. Madeni ya mnada ni mengi kuliko tunavyokiri, na aghalabu wadaiwa ni watu wa viti vya mbele.

Simu za mkononi zimeleta baraka na mtego. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, muumini aliye Mwanza au Dar es Salaam anaweza kutuma ahadi yake nyumbani kwa dakika moja. Mtego ni pale namba inayotangazwa inapokuwa ya mhazini mwenyewe. Fedha ya kanisa inachanganyika na ya vocha, ya ada na ya mkopo wa shemeji, na mhazini akifariki ghafla familia na kanisa wanaingia kwenye mgogoro juu ya kaburi bichi. Usharika uwe na namba ya kupokelea malipo yenye jina la kanisa, na taarifa yake ichapishwe kila mwezi.

Mali isiyohamishika ina utaratibu wake. Kiwanja, nyumba ya mchungaji na shamba la kanisa viandikwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini ya dhehebu iliyosajiliwa RITA. Visiandikwe kwa jina la mzee aliyekuwa mwenyekiti wakati wa ununuzi. Hata mzee mwaminifu ana warithi.

KWA MARAFIKI WANAOTOA

Ninyi mnaotusaidia kutoka nje nanyi ni mawakili, na kuna mambo ambayo ni ninyi tu mnaoweza kuyarekebisha. Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alipotoa wito mwaka 1971 kwamba misaada ya wamisionari na fedha kutoka nje isitishwe kwa muda, wengi walikasirika. Nadhani alikosea kuhusu kusitisha kote. Hakukosea aliposema kwamba fedha ya mgeni inaweza kumfanya mwenyeji asahau kuhesabu ya kwake. Kanisa lake lilichukua neno moja, Jitegemea, likalifanya wito wake, na linaonekana mpaka leo.

Ombi letu ni dogo kuliko la Gatu. Msitume fedha ya ujenzi bila kuuliza kwanza usharika wenyewe umetenga kiasi gani. Mkitaka taarifa ya miezi mitatu, kubalini iandikwe kwa Kiswahili, ili karatasi mnayosoma ninyi iwe ile ile iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa Lalago. Taarifa mbili, moja ya wenyeji na moja ya wafadhili, ndiyo chanzo cha hesabu mbili. Na mkichelewesha fedha mliyoahidi, semeni mapema, kwa maana mwashi aliyekwisha kuanza msingi hajui habari za mwaka wa fedha wa Ulaya.

Kwa kamati za Simiyu, bajeti ya mwaka ujao ipitishwe mwezi wa Aprili, kabla mizani ya pamba haijafunguliwa, wakati kila mtu bado anaijua njaa ya Februari. Ikisubiri Septemba itapangwa na watu walioshiba. Hesabu za robo hii zibandikwe mlangoni zikiwa na saini za mwenyekiti, katibu na mhazini, na nakala moja itumwe ofisini kwetu pamoja na nakala ya taarifa ya benki.